Naenda Luganville (Vanuatu) ila sijui kuzamia, nitaona mabaki ya vita kweli?

Mtafutanjia:
Habari zenu wakuu. Nina kazi Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, nikimaliza nabaki na siku chache za kwangu na nimeshaamua nitaruka mpaka kisiwa cha Espiritu Santo nikalale Luganville, maana historia ya Vita ya Pili naipenda mno. Sasa kila nikisoma ni Coolidge, Coolidge, na meli yenyewe iko chini ya maji! Kuogelea naweza vizuri ila mtungi wa hewa sijawahi kuvaa. Jamaa ananishauri nipige kozi ya haraka hukohuko nikazamie. Nifanye hivyo? Na malaria vipi?

Nahodha_K:
Nenda mkuu, ila kozi ya haraka halafu Coolidge achana nayo. Ile meli ina urefu wa kama mita 200, imelala ubavu kwenye mteremko, mbele kuna kina cha kama mita 20 na nyuma inashuka mpaka karibu 70, ndani giza tupu, sio sehemu ya kujifunzia. Halafu ukishazamia inabidi ukae saa 18 mpaka 24 ndio upande ndege, kwa hizo siku zako utakuwa umezimaliza.

Dada Zuhu:
Nakuunga mkono Nahodha. Mtafutanjia kaka yangu, wewe nenda Million Dollar Point, ni hapo mashariki ya mji tu. Vita ilipoisha Wamarekani walitaka kuwauzia Waingereza na Wafaransa waliokuwa wanatawala pamoja visiwa vile mitambo yao kwa bei ya kutupa, wale wakagoma wakijua itaachwa bure, basi Wamarekani wakasukumia kila kitu baharini, malori, makatapila, foklifti, mpaka soda. Maji yakipwa unakuta ekseli na matairi yametapakaa ufukweni, yakijaa vaa miwani na mrija uelee juu yake tu, chuma kimeota matumbawe na samaki wanaingia kwenye injini. Vaa viatu vya maji tafadhali, vile vyuma vya kutu vinakata vibaya.

Kumbukumbu:
Niongezee kidogo kuhusu Coolidge maana hata usipozamia inafaa uijue. Ilikuwa meli ya kifahari ya abiria ikageuzwa ya kubeba askari. Tarehe 26 Oktoba 1942 ikawa inaingia bandarini na watu zaidi ya 5,000, hakuna aliyempa nahodha maelezo kwamba njia ile imetegwa mabomu na Wamarekani wenyewe, ikagonga mawili. Nahodha akaipandisha kwenye mwamba watu wakashuka, waliokufa ni 2 tu. Mmoja ni Kapteni Elwood Euart, alikuwa ameshatoka salama akarudi ndani kuokoa wenzake. Mimi huyu mtu huwa naumia kila nikimkumbuka. Ukisimama ufukweni pale ujue unatazama kaburi alimolala zaidi ya miaka 70 kabla mifupa yake haijatolewa.

Mama Wawili:
Malaria ipo, muone daktari mapema upate dawa za kinga na ulale kwenye neti. Beba vatu (pesa ya kule) taslimu, ardhi kule ni ya wenyeji na sehemu nyingi unalipa mwenye eneo kiingilio, omba ruhusa kwanza. Epuka Novemba mpaka Aprili kama unaweza, ni msimu wa vimbunga, mwaka 2020 kimbunga Harold kiliipiga Santo vibaya sana.

Mtafutanjia:
Asanteni sana, kozi nimeifuta. Swali la mwisho, kipande kidogo cha chuma pale ufukweni naweza kuokota?

Nahodha_K:
Hapana ndugu yangu, usiguse. Kila mgeni akiondoka na kimoja watakaokuja baadaye wataona nini? Piga picha. Na tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la Luganville yenyewe, usitumie la Port Vila, upange siku yako kwa saa ya kupwa.

Dada Zuhu:
Na ukipita uwanja wa ndege wa Pekoa jua na wenyewe Wamarekani ndio walioujenga wakati wa vita. Ukirudi tuwekee picha humu.