Naombeni ushauri: dari ya pikapu imeachia, hadibodi ya mlango imevimba

Mleta uzi
Habari za humu wakuu. Nina pikapu ya mwaka 1993, nimeirithi kwa marehemu baba. Injini haina shida, ila ndani panasikitisha. Kitambaa cha dari kinanigusa kichwa nikiendesha, na nikikishika linamwagika vumbi la kahawia. Hadibodi ya mlango wa dereva imevimba chini, klipu hazishiki. Plastiki inayofunika shingo ya usukani ina ufa. Nimeipaka gundi ya kukauka haraka mara mbili, ikaachia mara mbili. Nataka nivalishe rekzini mpya kote. Nianzie wapi? Gari hili siuzi.

Bisibisi
Pole kwa msiba, mkuu. Hilo vumbi ni sponji iliyokuwa nyuma ya kitambaa, imeoza kwa joto. Usipake gundi juu yake, utarudi hapa baada ya miezi miwili. Shusha ubao wote wa dari, uusugue kwa brashi mpaka sponji iishe kabisa, vaa barakoa. Kisha tafuta kitambaa chenye sponji yake na gundi ya kupuliza inayohimili joto. Puliza pande zote mbili, subiri inate kidoleni bila kuvuta nyuzi, halafu laza kuanzia katikati kwenda pembeni.

Mzee wa Gereji
Kijana, rekzini iache kwanza. Hadibodi haivimbi bila maji. Ndani ya mlango maji ya mvua huingia kila siku kupitia raba ya kioo, hilo ni la kawaida, na hutoka nje kupitia matundu ya chini. Kinachokinga hadibodi ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati. Fungua uitazame.

Mleta uzi
Shikamoo mzee. Nimefungua leo asubuhi. Nailoni imekatwa kipande kikubwa palipofungwa spika, na matundu ya chini yamejaa tope!

Mzee wa Gereji
Marahaba. Basi ugonjwa ndio huo. Zibua matundu, sugua kutu, paka rangi. Bandika nailoni nzito mpya kwa gundi ya mpira isiyokauka, na ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yarudi kwenye bati. Mwagia kioo maji, uone kama kuna tone linalopita. Pakiwa pakavu, tumia hadibodi ya zamani kama kielelezo, kata mpya, ipake vanishi pande zote na hasa kingo, ndipo uvalishe rekzini.

Plastiki Moto
Kuhusu ufa: geuza plastiki usome alama ya nyuma, herufi zinazotaja aina ya plastiki. Ikiwa ABS, yeyusha vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka viwe kama uji, upake kwa nyuma. Fanyia nje, mbali na moto. Ikiwa PP, yaani polipropilini, gundi za kawaida hazishiki. Zamisha wavu mwembamba wa waya kwa nyuma ukitumia pasi ya kulehemu. Na kama umewahi kung'arisha kwa dawa ya silikoni, ioshe kwanza, rangi haitashika juu yake.

Mleta uzi
Alama ni PP, ndiyo maana gundi ilikuwa inaachia. Nashukuruni sana. Kesho naanza na mlango, dari itasubiri.