Kurekodi video za majaribio ya kiolesura: uwezo wa ndani wa zana, kunasa skrini nzima, au rekodi ya hatua?

Mpekuzi (mleta mada)

Salaam wanajamvi. Kila usiku tunaendesha majaribio ya kiotomatiki ya kiolesura yapatayo mia tatu kwenye seva isiyo na skrini, na kila asubuhi tunakuta manne au matano yamefeli kwa namna ambayo haijirudii mtu akiyaendesha kwenye kompyuta yake. Picha ya skrini inayopigwa pale jaribio linapofeli inatuonyesha kwamba kitufe hakionekani. Haituambii kama hakikuwahi kutokea, au kilitokea kikafunikwa na dirisha jingine sekunde moja kabla. Tumekubaliana kwamba tunahitaji video, lakini hatujakubaliana juu ya njia. Majaribio mapya yameandikwa kwa Playwright, zana ya kuendesha kivinjari kiotomatiki ambayo inarekodi yenyewe. Ya zamani ni ya Selenium, zana nyingine ya aina hiyo, ambayo haina uwezo huo ndani ya WebDriver (sehemu yake inayokiamuru kivinjari), hivyo mwenzetu mmoja anapendekeza tunase skrini nzima kwa FFmpeg, programu ya kurekodi na kugeuza video, ili tuwe na njia moja kwa yote. Mwingine anasema video ni anasa, rekodi ya hatua (trace), yaani kumbukumbu ya kila kitendo cha jaribio, inatosha. Aliyezitumia njia hizi kwa muda mrefu atuambie zinakoharibikia, maana sifa zake tumekwisha kuzisoma.

FundiKiolesura

Kwa Playwright, mambo mawili huwashangaza wengi. La kwanza ni ukubwa wa picha: usipotaja kipimo, video hupunguzwa hadi ienee ndani ya pikseli 800 kwa 800, kwa hiyo ukurasa wa 1280 kwa 720 unatoka ukiwa 800 kwa 450, na maandishi madogo ya ujumbe wa kosa, ambayo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta, hayasomeki. Weka kipimo cha video kilingane na kipimo cha ukurasa. La pili ni kwamba faili ya video (WebM) hukamilika pale tu muktadha wa kivinjari, yaani kikao kimoja kilichojitenga, unapofungwa. Kama majaribio yenu yanaunda muktadha wenyewe badala ya kutumia ule unaotolewa na zana, ni lazima muombe kurekodi wakati wa kuuunda na kuufunga mwishoni, vinginevyo mtasubiri video ambayo haitakuja.

Kuhusu lini kurekodi, tumieni chaguo la on-first-retry. Halirekodi chochote mpaka jaribio lifeli na kurudiwa, hivyo seva haichoki bure.

NyuziTatu

Naomba nimpinge FundiKiolesura katika hilo la mwisho, kwa sababu tatizo la mleta mada ni majaribio yanayofeli mara moja na kupita mara ya pili. Chaguo hilo linarekodi marudio, wala si jaribio lililofeli. Atapata mkusanyiko mzuri wa video za majaribio yaliyofaulu. Anachohitaji ni retain-on-failure, ambalo hurekodi kila jaribio na kufuta video za yaliyopita. Gharama yake ni kwamba kichakataji hufanya kazi ya kusimba (kubana) video zote, hata zile zitakazotupwa, na kwenye seva dhaifu uzito huo peke yake unaweza kuchelewesha kurasa kiasi cha kuzalisha kufeli kupya. Apime muda wa mzunguko mzima kabla na baada.

Sasa niseme juu ya FFmpeg, kwa kuwa ndiyo njia niliyoishi nayo. Unawasha Xvfb, ambayo ni skrini ya kubuni iliyomo kwenye kumbukumbu tu, tuseme nambari :99. Kivinjari kinachorwa humo, na FFmpeg inasoma skrini hiyo kupitia x11grab, sehemu yake ya kunasa skrini. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kwa kazi hii, na usisahau kutaja muundo wa rangi wa yuv420p, la sivyo baadhi ya vichezeshi vitakataa faili yako. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kila kitu ambacho mtu aliyekaa mbele ya kompyuta angekiona: sanduku la tahadhari la kivinjari, dirisha la kuchagua faili, orodha ya machaguo inayofunguka. Video ya ndani ya Playwright inanasa ukurasa peke yake, na vitu hivyo vinaweza kukosekana humo.

Hasara zake ni hizi. Kivinjari kikiendeshwa bila dirisha, hakuna kinachochorwa kwenye Xvfb, na utapata dakika kumi za weusi mtupu. Majaribio yakienda sambamba kwenye skrini moja, madirisha yanafunikana, kwa hiyo kila mchakato unaoendesha majaribio (worker) upewe skrini yake, :99, :100, :101 na kuendelea. Kishale cha kipanya nacho husimama pale pale, kwa sababu Selenium hutuma matukio kwa kivinjari bila kukisogeza. Msipoteze nusu siku, kama mimi, mkidhani ubofyo haukutokea.

BintiSeva

Nami niongeze neno juu ya Cypress, zana nyingine ya majaribio, japo hamuitumii, kwa sababu historia yake inagusa mjadala huu. Hadi toleo la 12 ilirekodi video bila kuombwa. Kuanzia toleo la 13, lililotoka mwaka 2023, kurekodi kumezimwa mpaka ukuwashe mwenyewe. Tena inatoa video moja kwa faili nzima ya majaribio, si kwa jaribio moja moja, hivyo faili yenye majaribio arobaini inakupa filamu ndefu ambayo lazima uitafute ndani yake dakika inayohusika. Nimejifunza kutokana na hilo kwamba video isiyojulikana inaanzia jaribio gani ni karibu sawa na kutokuwa na video. Kwa FFmpeg, kichujio cha drawtext kinaweza kuandika saa juu ya picha, na saa hiyo ikilinganishwa na ya logi za programu, kazi inakuwa nyepesi sana.

Kitasa

Mimi ndiye wa upande wa «video ni anasa», ingawa sitalisema kwa ukali huo. Video inakuonyesha kitufe hakikubofyeka. Rekodi ya hatua ya Playwright inakuonyesha kwamba ombi lililotumwa kwa seva kabla ya hapo lilijibiwa kwa 500 (kosa la upande wa seva), kwamba konsoli ya kivinjari ilitoa kosa, na jinsi muundo wa ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kila hatua. Unaweza kukagua kipengele chenyewe kana kwamba ukurasa bado uko hai. Ndani yake kuna hata mkanda wa vijipicha vya mwenendo wa ukurasa. Kwa majaribio ya aina ya mleta mada, ambapo swali ni «kwa nini» kuliko «nini», ningeanza hapo.

Lakini nitoe tahadhari ambayo watetezi wenzangu huisahau. Rekodi hiyo ina vichwa vya maombi, vidakuzi na tokeni za kuingilia, kwa hiyo ni nyeti kuliko video, ambayo angalau inaonyesha nenosiri kama vidoti. Msiiambatanishe kwenye tiketi inayosomwa na kila mtu, na akaunti za majaribio ziwe za majaribio kweli.

NyuziTatu

Nakubaliana na Kitasa kwa kurasa za kawaida. Kwa ramani au michoro inayochorwa kwenye kanvasi (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa), nakala ya muundo wa ukurasa haikupi picha ya kutegemewa, na hapo video inarudi kwenye nafasi yake.

Mpekuzi (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Tumejaribu kwa wiki moja. Kwa Playwright tumeweka rekodi ya hatua pamoja na video, zote zikibaki kwa yaliyofeli tu, na ndani ya siku mbili tumegundua majaribio matatu kati ya manne yalikuwa yanabofya kitufe huku bango la kukubali vidakuzi likiwa linashuka polepole juu yake. Video ndiyo iliyolionyesha bango. Rekodi ya hatua ndiyo iliyotuonyesha lilitoka kwenye hati ipi.

Kwa Selenium tumekwama. FFmpeg inaendeshwa ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyojitenga ya kuendeshea programu) kupitia skripti ya shell, lakini takriban faili zote za MP4 tunazopata hazifunguki, ingawa ukubwa wake unaonyesha kuna kitu ndani.

BintiSeva

Hizo ni faili ambazo hazikufungwa. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, FFmpeg ikisimamishwa kwa utaratibu; ikiuawa ghafla, data ipo lakini hakuna kichezeshi kinachojua pa kuanzia. Amri ya docker stop hutuma SIGTERM (ishara ya kuomba programu isimame), husubiri sekunde 10, kisha huua kwa SIGKILL (ishara ya kuikata papo hapo). Skripti yenu ya shell ndiyo mchakato wa kwanza ndani ya kontena, nayo haiipitishi ishara hiyo kwa FFmpeg, kwa hiyo FFmpeg inaendelea kurekodi bila habari mpaka inapokatwa. Mstari unaoiwasha FFmpeg uanze na neno exec, ili ichukue nafasi ya shell na kupokea ishara yenyewe. Kama mnataka kinga ya ziada, andikeni kwanza kwenye faili ya MKV, ambayo husomeka hata ikikatwa katikati, kisha mwigeuze kuwa MP4 bila kusimba upya.

Mpekuzi (mleta mada)

Neno exec limetosha. Video za usiku wa jana zote zimefunguka, isipokuwa moja ambayo ni nyeusi mwanzo hadi mwisho. Nimeangalia mipangilio na kukuta jaribio hilo bado linaendesha kivinjari bila dirisha, kama NyuziTatu alivyoonya.