Ushauri: kuzunguka msitu wa Rondo kwa miguu na binti wa miaka 12

Mwalimu_Mikindani
Habari zenu ndugu zangu. Likizo ya mwezi wa sita nataka kumpeleka binti yangu msitu wa Rondo, huko Mtama, mkoani Lindi. Amesoma habari za komba wa Rondo, yule mnyama mdogo wa mitini, na tangu siku hiyo hanipumzishi. Hatutaki kulala porini. Nataka njia ya mzunguko, tuanzie mahali na tutokee palepale, saa nne au tano za kutembea. Mpando tuliouzoea ni huu wa kwenda Boma hapa Mikindani tu. Je, tutaweza? Tujiandae vipi?

Kijana_wa_Newala
Mtaweza. Ila mkikwama Rondo, njooni Newala mwone Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liko chini ya miguu yako. Kivuli ni kidogo, msije mchana.

Mzaliwa_wa_Rondo
Mwalimu, karibu sana kwetu. Baba yangu alipasua mbao kule juu, na mimi nimeokota kuni mle mpaka namaliza darasa la saba, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Nenda ofisini kwao mapema uulizie kibali na mtu wa kuwaongoza. Huyo kiongozi usimwone gharama ya bure. Rondo mtu hapotezwi na ukubwa wa msitu, anapotezwa na njia. Baada ya Vita Kuu ya Pili mvule ulikatwa sana, zikachongwa njia za kutolea magogo, na sehemu nyingine zikapandwa misonobari na misaji. Unaweza kukuta njia pana kuliko ile uliyokuwa ukiifuata, ukaingia nayo kwa raha, nusu ya saa baadaye imeishia kwenye kisiki. Nimewahi kuzunguka hivyo mpaka magharibi, na nilikuwa mwenyeji.

Jambo la pili watu wa pwani hawalitegemei. Rondo haina kilele. Ni uwanda wa juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, na usafiri ndio unaowapandisha. Mnaanza asubuhi mkiwa juu tayari, kuna ubaridi, mnatembea tambarare, mtoto anakimbia mbele. Mzunguko ukiwashusha ukingoni, mpando unawangoja mwishoni, jua la utosi, miguu imeshachoka. Kwa hiyo mwambie kiongozi kabla hamjaanza: mteremko mkali mshuke nao asubuhi, kurudi mpite panapopanda polepole na penye miti. Muwe njiani saa kumi na mbili na nusu. Maji lita mbili kwa kila mtu, na mtoto asibebe ya kwake yote.

Na komba, mwandae binti mapema. Mnyama huyo hutoka usiku. Ana gramu 60 hivi, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana hamtamwona. Lakini msitu anaoishi atauona, na misitu ya namna hiyo imebaki vipande vipande tu hapa pwani ya Tanzania. Naomba umwambie hilo mkiwa ndani, asimame kidogo atazame juu.

Mama_Nachingwea
Mwalimu, mwezi wa sita upupu unakaribia kukauka. Mikono mirefu, suruali ndefu, soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu na kupe. Upupu ukimpata asijikune. Sisi tunapaka majivu, tunasugua taratibu, kwa hiyo funga majivu kidogo kwenye mfuko. Na mkikuta ming'oko ya kuchemsha vijijini, ile mizizi ya porini inayoliwa, mnunulie mtoto.

Mwalimu_Mikindani
Mrejesho, kama nilivyoahidi. Tumerudi jana. Tulitembea saa tano na nusu, tulishuka asubuhi kama alivyosema mzee wangu Mzaliwa_wa_Rondo, shikamoo na asante sana. Kurudi tulipumzika mara nne. Njia panda tulizihesabu hadi kumi na moja tukaacha. Majivu yalitumika, ni mimi, shingoni. Jioni kiongozi alitusimamisha pembeni mwa msitu giza likiingia, tukasikia sauti nyembamba juu ya mti, mara tatu. Akasema ni komba, ila wako wa aina kadhaa na kwa sauti ile moja hawezi kuapa kuwa ni yule mdogo. Binti ameandika daftarini saa na mahali, na anauliza mwezi gani tutarudi.