BSA Bantam ya babu: nitoboe fremu kuweka stendi ya pembeni?

Mjukuu wa Moshi: Shikamoni wakuu. Nina pikipiki ya Bantam D7 ya marehemu babu. Ina stendi ya kati tu, na mama hawezi kuipandisha. Fundi wa kuchomelea anataka kutoboa fremu. Nimruhusu?

Mzee wa Spana: Marahaba. Usimruhusu kabisa! Tundu kwenye bomba la fremu ndipo ufa unapoanzia, na fremu hizo hazitengenezwi tena. Tumia stendi ya kufunga kwa klampu (kibano kinachokaza bomba bila kulitoboa), upande wa kushoto. Gia ya Bantam iko kulia, lakini kushoto kuna pedali ya breki ya nyuma, kwa hiyo stendi ikikunjwa isiiguse. Pima urefu matairi yakiwa na upepo wa kutosha. Pikipiki ilale kidogo; ikisimama wima mno, hata mtoto ataisukuma ianguke kulia.

Dada Gereji: Springi nayo iwe kali, na ivuke boliti ambayo stendi inazungukia ili ivute stendi juu ikishakunjwa. Bantam haina swichi ya kuzima injini stendi ikiwa chini. Ukikata kona ya kushoto stendi ikiwa inaning'inia, unaruka.

Mjukuu wa Moshi: Nimeelewa, asanteni. Klampu ya unene gani?

Mzee wa Spana: Pima bomba lako kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwanza, mjukuu.