Vazi la kipunji kwa mtoto wa miaka 6: manyoya yanadondoka, naombeni ushauri

Mleta uzi (Tukuyu):
Habari zenu wakuu. Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, shuleni kwa mwanangu kila mtoto anavaa kama mnyama. Wenzake wengi ni simba. Wangu anataka kipunji, maana babu yake humsimulia kima huyu wa Rungwe, ambaye wawindaji wetu walimjua tangu zamani, wataalamu wakaja kumkuta 2003. Nami natamani atokee kipunji kweli, siyo kima tu.

Nimebandika katani kwenye fulana kwa gundi. Akiruka mara mbili, katani sebule nzima, na shingo imemtoka vipele. Kishungi cha kichwani nacho kinalala. Sina cherehani.

Fundi wa Mwanjelwa:
Pole dada. Katani inawasha, achana nayo. Tafuta mtumbani sweta la kahawia lililofumwa matundu makubwa, kisha rasta za kusukia za rangi hiyohiyo. Kata vipande vya kiganja kimoja na nusu, kunja katikati, vuta kitanzi kwenye tundu la sweta kwa sindano ya kroshia, pitisha ncha ndani ya kitanzi, kaza. Anzia pindoni ukipanda juu, kila safu ifunike mafundo ya safu ya chini. Gundi ya nini tena? Ila rasta hushika moto upesi. Akilivaa, asikanyage jikoni.

Mdau wa Isyonje:
Tumbo na ncha ya mkia viwe vyeupe, ndipo watu wa huku watamtambua. Mkia uzidi urefu wa mwili. Na mfundishe mlio: kipunji anabweka kwa sauti nzito ya puani.

Mama wa watoto wawili, Makambako:
Usimvalishe kinyago, atakosa hewa na hataona njia. Mpake wanja mashavuni na puani, mbali na macho. Kishungi kishonee kwenye kofia ya sufu, ndani weka kipande cha sponji kisimame. Mkia uwe soksi ndefu iliyojazwa vitambaa, bila waya, na uufunge kwenye mkanda wake peke yake. Ukiushona kwenye suruali, itashuka.

Mleta uzi:
Mrejesho. Mgongo peke yake umekula jioni nne na pakiti tano za rasta, lakini karuka uani leo hakuna unywele ulioanguka. Babu yake kamzunguka, kakishika kishungi, kakaa kimya kidogo, kisha kasema, "Ndiye huyu." Ndaga fijo, asanteni sana wote.