Mjadala: Mwenye haya ya kutoa maoni mtandaoni aanze na jina lake au jina la kubuni?

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Naomba tulijadili hili bila kukasirikiana, maana kila siku naona watu wanasema "kama huwezi kuweka jina lako kaa kimya" na wengine wanataka kabisa iwe sheria. Mimi napinga, tena napinga kwa moyo wote.

Nina kigugumizi toka utotoni. Kwenye kikao nikipewa nafasi neno la kwanza linakwama pale pale kooni, watu wanaanza kunimalizia sentensi, na mara nyingi wanamalizia kitu ambacho wala sikutaka kusema, basi naitikia tu yaishe. Intaneti ilivyoingia kwenye simu nikajua nimepona, kwenye kuandika nani atajua kama nagugumia? Kumbe haya ikanifuata huko huko.

Siku moja mtu akaandika kwamba mtoto mwenye kigugumizi ukimchapa anaacha, na watu wanamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Nikaandika mistari minne. Nikafuta. Nikaandika tena, "sio kweli" nikaigeuza "nadhani sio kweli", nikafuta na hiyo, naangalia kale kapicha kangu pembeni na majina yangu mawili nawaza bosi ataona, shemeji ataona, kuna mtu atapiga skrinshoti aisambaze. Nikalaza simu kifudifudi nikalala. Asubuhi nakuta mama mmoja kaandika, "ngoja nijaribu na wa kwangu."

Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hiyo hiyo nikafungua akaunti ya jina la kubuni nikamjibu. Nikamwambia mimi nilichapwa, woga ukaongezeka na kigugumizi kikabaki vile vile, na kwamba watoto wengi wadogo huwa kinawaacha chenyewe, asiyeachwa apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi. Akaniuliza sasa akikwama nifanyeje? Nikamwambia mwangalie usoni, usimharakishe, usimmalizie, subiri. Kwa jina langu nisingeandika hata herufi moja. Sasa mniambie huo ni uoga au ni nini?

Mchangiaji 1:
Pole sana mkuu, ila natofautiana na wewe. Wewe ulijificha ukafanya jambo jema, sawa, wangapi wanajificha wafanye jema? Mimi nimetukanwa siku mbili mfululizo na akaunti haina picha haina jina, nikaacha kabisa kuchangia mada yoyote kwa miezi. Kwa hiyo hayo majina ya bandia yanayowapa nyinyi sauti ndiyo yaliyoninyamazisha mimi. Halafu haya haitibiki kwa kujifunika, mtu aliyezoea kusema akiwa amefunikwa siku ya kufunuliwa atakuwa bubu kuliko mwanzo. Majina halisi kwa wote, kila mtu abebe maneno yake.

Mleta mada:
Pole na wewe, na sikubishii kwamba uliumia. Ila hilo la majina halisi kwa wote limeshajaribiwa. Korea Kusini mwaka 2007 walilazimisha mitandao mikubwa kuhakiki utambulisho wa mtu kabla hajaandika chochote, lengo likiwa ni hilo hilo la kukomesha matusi. Agosti 2012 Mahakama yao ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, majaji wote kwa kauli moja, wakasema hakuna ushahidi kwamba matusi yalipungua kwa maana, na watu walikuwa wanahamia tu mitandao ya nje. Na katikati hapo, mwaka 2011, wadukuzi wakachota taarifa za watumiaji kama milioni 35 kwenye kampuni moja ya mitandao. Yaani mtukanaji hana haya, ukimwambia aweke jina anaweka na anatukana nalo, anayerudi nyuma ni yule aliyekuwa anatetemeka toka mwanzo.

Mchangiaji 2:
Naomba niingilie kati kidogo, naona wote mmeng'ang'ania jina tu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Solomon Asch, miaka ya 1950 alikuwa anaweka mtu kwenye kikundi wanaonyeshwa mistari waseme upi unalingana na upi, jambo la wazi kabisa, ila wenzake wote wamepangwa wajibu uongo. Karibu theluthi ya majibu watu walifuata ule uongo! Lakini akiwepo mwenzake mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka sana. Na wakiruhusiwa kuandika jibu lao pembeni wasikoonekana, napo kunashuka. Kwa hiyo mleta mada una hoja, ila na sisi tunaosoma tukapita kimya tuna deni. Mtu mwenye haya akiandika chake cha kwanza halafu pakawa kimya kabisa, anafuta. Ukimjibu hata sentensi moja, "nimekuelewa, endelea", anarudi kesho. Mimi nilirudi kwa sababu ya jibu la mtu nisiyemjua.

Mleta mada:
Hapo umenigusa. Yule mama aliporudi kuniuliza swali ndipo nilipojua nimesomwa, na mara ya pili sikufuta kitu. Siku hizi mada za kigugumizi nachangia kwa jina langu kabisa, ilinichukua karibu mwaka. Mada nyingine bado, na sioni kama kuna mtu ana haki ya kuniharakisha.

Mchangiaji 1:
Hilo la Korea sikulijua, basi la kulazimishana kwa sheria naliacha. Ila swali langu hamjalijibu. Zile siku mbili natukanwa kulikuwa na watu wengi wanasoma, na hakuna hata mmoja aliyesema "acha hivyo", sio wenye majina wala wasio na majina. Nyinyi mlioshapona haya, mkikuta mtu anafanyiwa hivyo mnaandika au mnapita?