Mrejesho: dada yangu hakuwa na MS, ni NMO

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu dada aliyepoteza nuru ya jicho moja, kisha miguu ikafa ganzi, akaambiwa ana MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Asante sana uliyesema tupime damu, kingamwili za akwaporini-4 (protini inayopitisha maji kwenye seli). Sampuli ilipelekwa nje ya nchi, bei ilituumiza, majibu ni chanya. Ni nyuromielitisi optika (NMO), ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili hushambulia hasa neva za macho na uti wa mgongo. Na kingamwili hizo zilitambuliwa tangu 2004, si jambo la jana!

Daktari mpya alianza kwa kuuliza kwikwi. Kwikwi! Mwaka jana dada alishikwa na kwikwi na kutapika siku nyingi, akatibiwa vidonda vya tumbo. Kumbe ugonjwa huu unaweza kushambulia sehemu ya shina la ubongo inayoamsha kutapika. Kisha akafuatisha kidole doa kwenye picha ya MRI ya uti wa mgongo: limepita pingili tatu na kuendelea. Madoa ya MS kwa kawaida huwa mafupi.

Interferoni, dawa ya MS aliyokuwa akitumia, imesimamishwa, maana kwa NMO inaweza kuzidisha mashambulizi. Sasa anatumia prednisoloni na azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Anatembea kwa fimbo. Jicho bado, na daktari hakutuahidi kitu. Mliopendekeza mitishamba, samahani, hatutajaribu.